Mswada wa Kumruhusu Hind

Watu waliokimbia Unguja mwaka 1964 walikimbia na walichoweza kubeba. Bibi yangu, Bi Mahfoudha, alibeba dhahabu yake ndani ya birika la chai. Mjomba Thani alibeba redio, na redio hiyo haikupata kushika stesheni hata moja tangu siku ile. Mkewe, Bi Kheiria, alibeba mbuzi ya kukunia nazi, akidhani tunakokwenda nazi zitakuwa zinamngoja. Babu yangu Marhoon alibeba bunge.

Sifanyi mzaha. Babu alikuwa karani katika Baraza la Kutunga Sheria kwa miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kuandika waliyosema wengine, kupeleka karatasi huku na huku, na kumnong'oneza mwenye kiti kila alipokaribia kuvunja kanuni. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema neno moja ndani ya ukumbi ule, maana karani hasemi. Lakini alisoma. Alisoma juu ya mabunge ya nchi nyingine, na yaliyompendeza zaidi ni yale yenye nyumba mbili, ambako nyumba moja ikipitisha jambo, halitembei mpaka nyumba ya pili nayo ikubali. Baraza letu lilikuwa na nyumba moja tu, na Babu alikuwa akisema, uso mkavu kabisa, kwamba ndiyo sababu ya yote yaliyotupata.

Maskati hapakuwa na baraza la kumwajiri. Basi akaliunda nyumbani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa barza, yaani chumba cha mbele walichokaa wanaume: Mjomba Thani, mwanawe Thabit, na Babu Amur, mdogo wake Babu, ambaye masikio yalikuwa yameshamuaga zamani na ambaye alikubali kila alichoulizwa. Nyumba ya pili ilikuwa uani, kwa wanawake: Bi Mahfoudha, Bi Kheiria, na mama yangu Nasriya, aliyefiwa na baba yangu mimi nikiwa bado natambaa. Babu alikuwa Spika wa nyumba zote mbili. Mimi, kwa kuwa hati yangu ilisomeka, nilikuwa karani. Spika hapigi kura na karani hapigi kura. Waliobaki, watatu mbele na watatu nyuma, ndio walioendesha maisha yetu.

Na waliyaendesha hivyo hivyo. Tulitumia miezi minne kuamua rangi ya mlango wa mbele, na mlango haukupakwa. Mwaka 1966 alikuja mtu kunichumbia, bwana mzuri tu, mwenye meno yake yote. Barza ikakubali kwa sharti, uani ikakubali kwa sharti jingine, masharti yakakataa kupatana, na yule bwana alipochoka kungoja akaenda kuoa Bahrain. Nilizibeba zile karatasi kwa mikono yangu mwenyewe, kutoka barza kwenda uani na kutoka uani kwenda barza, na wala hakuna aliyeniuliza.

Nakiri kwamba sikuwa mpole. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimesomea ualimu nikabakisha miezi miwili tu kumaliza, na kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kushona kofia. Nilishona kofia mpaka nikaota nyuzi. Nilikuwa nikishona huku naifundisha mito ya kukalia hesabu kimoyomoyo: mto huu Asha, mto ule Salma, na wewe mto wa pembeni acha kuzungumza. Mtu akikuambia hiyo siyo dalili ya kuanza kurukwa na akili, muulize yeye ameshona kofia ngapi.

Mwaka 1970 mambo yakafunguka. Nchi ilikuwa na utawala mpya, watu wakaanza kurudi kutoka kila upande, na Jumatatu moja ikaja barua kutoka idara ya elimu. Wanafungua skuli ya wasichana. Hawana walimu wanawake. Wamesikia nyumba ya Marhoon ina mmoja. Masomo yanaanza Jumamosi, na kama nitakuja, nije Jumamosi hiyo hiyo asubuhi na barua yenye saini ya mkuu wa nyumba. Nisipokuja, nafasi atapewa mwingine.

Niliisoma barua nimesimama. Kisha nikaisoma nimekaa. Kisha nikampelekea Babu, nikiwa na hakika kwamba atachukua kalamu aweke saini.

Babu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hongera sana, mjukuu wangu," alisema. "Hili jambo zuri mno. Andika mswada."

"Babu, tia saini tu."

"Saini ya mkuu wa nyumba," alisema. "Mimi mkuu wa nyumba mbili. Siwezi kutia saini kabla hazijakubaliana. Andika: Mswada wa Kumruhusu Hind Kusomesha."

Nikauandika. Ungeniona ungedhani naandika wasia wangu.

Jumanne baada ya Alasiri barza ikakaa. Mjomba Thani alisema yeye hana kipingamizi, dunia imebadilika, lakini msichana hawezi kupita sokoni peke yake. Akaweka sharti: Thabit anisindikize kwenda na kurudi. Thabit, ambaye hakuwa na kazi na hakuonyesha dalili ya kuitafuta, akashtuka.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja asubuhi."

"Saa moja ya asubuhi ipo siku hizi?"

Babu Amur alikubali. Thabit akashindwa kwa kura mbili kwa moja, na mimi nikaubeba mswada kuupeleka uani, hatua kumi na nne, nazikumbuka mpaka leo.

Bi Mahfoudha alikuwa anachambua mchele. Bibi yangu hajawahi kukaa skuli hata siku moja, lakini ndani ya miaka sita alikuwa ameelewa bunge la mumewe kuliko mumewe. Alijua kwamba mtu akitaka kuua jambo hana haja ya kulikataa. Analipenda tu, kisha analiongezea.

"Mimi namtakia kheri mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Lakini Thabit atamsindikiza vipi na yeye mwenyewe huamshwa na adhana ya Adhuhuri? Futa Thabit. Andika Kheiria."

"Mimi, Mama?" Bi Kheiria alisema. "Na magoti yangu haya?"

"Magoti yako yanafika kila harusi ya mji huu."

Bi Kheiria akakubali, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu hakuwahi kumpinga mama mkwe wake. Kwenye kura alikuwa akiinua mkono kabla swali halijaulizwa.

Bibi hakuishia hapo. Akataka nibebe maji ya nyumbani. Akataka nirudi nyumbani wakati wa mapumziko. Akataka mengine mawili, na akataka nivae buibui mbili. Mama yangu alijaribu kusema kwamba kwa joto lile buibui mbili zitaniua kabla sijafika kwenye ubao, lakini akashindwa kwa kura. Mwisho Bibi akaweka sharti la saba, ambalo lilinifanya niweke kalamu chini: skuli iwe mahali ambapo yeye ataweza kuiona kutoka juu ya dari la nyumba yetu.

"Bibi, skuli imeshajengwa. Haihami."

"Sikusema ihame," alisema. "Nimesema nnataka kuiona. Andika."

Niliandika. Barza ikayafuta yote saba na kumrudisha Thabit. Uani ikamfuta Thabit na kuyarudisha yote saba, ikaongeza la nane. Kuanzia Jumatano asubuhi mpaka Adhuhuri niliubeba mswada mara kumi na moja. Karatasi ilikuwa imefutwa na kuandikwa juu ya kufutwa hadi jina langu lenyewe halikuonekana. Jasho lilinitoka, hasira zilinipanda, na kila nilipopita kwenye mlango wa kati Babu alikuwa ameketi pale na daftari lake, anaandika saa na dakika, uso umemng'aa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Maisha yangu yalikuwa yanapita dirishani, na mzee yule alikuwa anafurahi.

"Huu sasa ni mkwamo," alitangaza baada ya swala. Alilitamka neno lile kwa raha, kana kwamba anatangaza halwa. "Nyumba mbili zikikwama, kuna njia. Kwanza, kamati ya maridhiano. Mjumbe mmoja kutoka kila upande."

Barza ikamtoa Mjomba Thani. Uani ikamtoa mama yangu. Nilifurahi, maana walikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yangu alikuwa upande wangu. Alhamisi asubuhi wakakaa ukumbini, mimi nikaandaa karatasi safi, Babu akawatakia busara. Baada ya robo saa walikuwa wanagombana kuhusu baiskeli.

"Wewe ndiye uliyeipinda ile ringi," mama yangu alisema.

"Baiskeli ilikuwa yangu."

"Alipewa nani? Baba alisema tushirikiane."

"Nasriya, tumeletwa hapa kwa ajili ya Hind."

"Na mimi nazungumzia Hind! Nazungumzia tabia ya mtu kuchukua kitu cha wote akakifanya chake, halafu akaweka na masharti!"

Baiskeli ile ilipinda mwaka 1938. Kamati ya maridhiano ilivunjika saa tano kasorobo, na wajumbe wake hawakusemezana mpaka Ijumaa.

Ilibaki njia moja. Babu aliitangaza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mtu mkubwa: kikao cha pamoja. Nyumba zote mbili zikae mahali pamoja, zipige kura kwa pamoja, na watakaokuwa wengi ndio watakaofuatwa. Kikao kingekuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Baada ya hapo palikuwa na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mwisho.

Tatizo likawa mahali. Bi Kheiria hakuwa akikaa chumba kimoja na Babu Amur, si mahramu wake, yaani si jamaa wa kuonana naye bila stara, na Bi Mahfoudha naye hakai mbele ya shemeji yake bila pazia. Babu alikwishalifikiria hilo. Alitundika pazia la maua kwenye mlango wa kati. Wanawake wakakaa upande wa nyuma, wanaume upande wa mbele, na yeye akaweka kiti chake katikati ya mlango wenyewe, pazia likampita juu ya bega, goti moja barza na goti moja uani. Katika nyumba nzima, ukimtoa Mjomba Thani, yeye pekee ndiye mwanamume aliyeweza kuwaona wote: mkewe, binti yake, mke wa mwanawe, mjukuu wake. Mimi nilikaa kwenye mkeka miguuni pake, na buibui langu, na daftari.

Tulikuwa tumekula pilau. Joto lilikuwa limekaa ndani ya chumba na halikutaka kuondoka. Upande wa mbele Babu Amur alikuwa anasinzia, upande wa nyuma Bi Kheiria alikuwa anajipepea kwa upepeo wa ukindu, na kila akipepea pazia lilimpiga Spika sikioni.

"Katika kikao cha pamoja," Babu alisema, akilisukuma pazia, "tunaanza na mswada kama ulivyokuwa mwanzo, bila ya marekebisho. Nani ana hoja?"

"Mimi," mama yangu alisema haraka. "Hoja yangu ni kwamba Hind aende skuli akasomeshe. Basi. Bila Thabit, bila Kheiria, bila maji, bila dari."

"Bila mimi?" Thabit aliuliza kutoka mbele.

"Bila wewe."

"Naunga mkono," alisema Thabit. Nafikiri ndiyo hotuba ya kutoka moyoni kuliko zote alizowahi kutoa.

Mjomba Thani alisimama. Alisema yeye aliweka sharti moja tu, la haki, na sharti hilo limetupwa kama ganda la ndizi, na hawezi kuunga mkono mswada uliomvunjia heshima. Akakaa. Babu akauliza kama kuna mwingine. Nilimwona Bi Mahfoudha kupitia upande wa pazia. Alikuwa ameshika ushungi wake kwa mikono miwili.

"Wanaokubali?"

Mama yangu. Thabit. Babu Amur, baada ya Thabit kumgusa kiwiko. Watatu.

"Wanaokataa?"

Mjomba Thani. Bi Kheiria, ambaye mkono wake ulikuwa juu tangu zamani. Na Bi Mahfoudha, taratibu. Watatu.

Sikuelewa mara moja. Nilihesabu tena, kama vile katika watu sita huenda mmoja amejificha. Kisha nikakumbuka kwamba kura zikilingana, Spika ndiye anayeamua, na Spika alikuwa Babu yangu, na Babu yangu ndiye aliyesema hongera.

Nikageuka kumtazama. Uso ule uliokuwa uking'aa wiki nzima ulikuwa umezimika.

"Kanuni ya kiti," alisema polepole. "Kura zikilingana, mwenye kiti halianzishi jambo ambalo wajumbe hawakuweza kulianzisha wenyewe. Anayaacha mambo kama yalivyo. Haidhuru yeye anapenda nini. Nimemnong'oneza hivyo mwenye kiti mara nne katika maisha yangu, na mara zote nne alinifuata."

"Babu," nilisema, "wewe unataka niende au hutaki?"

"Nnataka."

"Basi sema."

"Ninayetaka ni Marhoon, na aliyekaa hapa ni Spika." Alishika ukingo wa kiti. "Nikikipinda kiti leo kwa sababu nnakupenda, kesho kitapindwa na mtu mwingine kwa sababu anakuchukia. Nimeona kinavyokuwa."

Hapo ndipo niliposimama. Nilikuwa na hasira za miaka sita na zote zikataka kutoka kwa mlango mmoja.

"Umeona nini, Babu? Baraza halipo! Ukumbi haupo, wajumbe hawapo, kila mtu na njia yake! Hicho ulichokalia ni kiti cha jikoni, mguu mmoja umefungwa kamba! Kesho asubuhi wasichana wadogo watakaa darasani hawana mwalimu, na mimi nitakuwa hapa naandika kumbukumbu za watu sita wanaogombania baiskeli!"

Nikalitupa daftari. Lilimwangukia Babu mguuni.

Hata upepeo wa Bi Kheiria ulisimama. Katika nyumba yetu mtu hakuwahi kumpandishia Babu sauti, na kwa hakika si mjukuu wa kike, na kwa hakika si kuhusu kiti. Nilijuta kabla sijafunga mdomo, na bado sikutaka kulirudisha hata neno moja.

Babu aliinama, akaliokota daftari, akalifuta vumbi.

"Kikao kinaahirishwa kwa dakika tano," alisema. Akainuka akaenda kunywa maji mtungini.

Dakika zilikuwa nyingi zaidi ya tano. Mjomba Thani alianza kuninasihi kuhusu adabu, mama yangu akamwambia amuache mtoto, Thabit akauliza kama bado kuna pilau. Babu aliporudi hakukaa. Alisimama nyuma ya kile kiti, mkono wake juu ya egemeo la kiti.

"Waheshimiwa," alisema, "najiuzulu uspika."

"Unajiuzulu wapi, mzee wewe?" Bi Mahfoudha aliuliza nyuma ya pazia. "Nyumba ni yako!"

"Nyumba yangu, ndiyo. Kiti nimekiacha. Kuanzia sasa mimi ni mjumbe wa barza, kama Thani, kama Amur. Mjumbe ana kura."

Mjomba Thani aliliona lile mara moja. Hakuwa mjinga. "Kikao hakiwezi kukaa bila ya Spika, Baba. Na Spika lazima aone pande zote mbili. Mimi kura yangu siiachi. Nani mwingine hapa anayeweza kukaa mlangoni?"

"Aliyekuwa akipita mlangoni wiki nzima," alisema Babu. "Hind."

"Hind! Mswada wenyewe si wake? Ana maslahi!"

"Mwenye kiti hapigi kura," alisema Babu. "Maslahi yasiyo na kura hayamdhuru mtu. Ukitaka nikuonyeshe ukurasa, nitakuonyesha."

Mjomba Thani alimjua baba yake, na alijua kwamba ukurasa upo.

Basi nikakaa, na Babu akaniwekea daftari mapajani. Kiti kiliyumba kidogo, upande wa ule mguu uliofungwa kamba. Goti langu moja lilikuwa barza na jingine uani, na niliwaona wote, na kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa akikiona Babu: upande huu watu wanaojifanya wakali, upande ule watu wanaojifanya wapole, na wote wananitazama kwa hofu ile ile. Babu akashuka kwenye mkeka. Magoti yake yalilia. Hakukaa juu, kwenye mto, mahali pake pa siku zote. Alikwenda mwisho kabisa, karibu na mlango wa nje, chini ya Thabit, maana ndiko anakokaa mjumbe mpya.

Akainua mkono.

"Mheshimiwa Spika," alisema. "Naomba ruhusa niseme."

Sikujua kwamba ananiambia mimi. Kila mtu akangoja. Nilipotambua, nikataka kucheka, nikanyoosha mgongo kwenye kiti.

"Ruhusa," nilisema.

Babu akasimama. Miaka ishirini na saba ya ukumbi ule na miaka sita ya nyumba hii, hakuwahi hata mara moja kusimama kusema. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Mheshimiwa Spika, nitasema kwa ufupi, sina mazoea. Yupo mjumbe wa uani ambaye amekataa, na sababu yake hakuisema. Mimi naijua. Januari ile, mtoto huyu alikuwa kwenye chuo cha ualimu, mjini risasi zinalia, na hatukujua yuko wapi. Siku tatu. Mjumbe huyo alikaa mlangoni siku tatu, hakula. Mheshimiwa Spika, mimi nilikuwa nikimwambia kila saa, yuko salama, nimeuliza, yuko salama. Nilisema uongo. Sikuuliza mtu. Nilikuwa naogopa kutoka."

Babu akageuka upande wa pazia.

"Kwa hivyo mjumbe huyo anapotaka skuli anayoweza kuiona kutoka darini, mimi sicheki. Nami pia nilitaka hivyo. Ndiyo maana nikamfanya karani, Mheshimiwa Spika, ili kila saa niwe naye mbele ya macho yangu, anakwenda uani anarudi, anakwenda anarudi. Karatasi zile hazikuwa za lazima zote." Akalitazama daftari mapajani mwangu. "Lakini alirudi. Nnaomba liandikwe hilo. Siku ya nne asubuhi alirudi kwa miguu yake, na vitabu vyake mkononi. Tulimngoja akarudi. Na kesho tutamngoja vile vile, mimi na mjumbe huyo, tukae mlangoni kama anataka. Nimekwisha."

Akakaa. Babu Amur, ambaye sidhani kama alisikia neno lolote, alimpiga piga mgongoni.

Ilikuwa zamu yangu kuuliza. Nilijua maneno, nilikuwa nimeyaandika mara elfu.

"Wanaokubali?"

Mama yangu, Thabit, Babu Amur. Na mwisho wa mkeka, mkono wa Babu, umenyooka kabisa, kama wa mtoto anayejua jibu.

"Wanaokataa?"

Mjomba Thani aliinua mkono, akitazama ukutani. Bi Kheiria alimtazama Bi Mahfoudha. Kwa mara ya kwanza hakujua afanye nini, akauinua wake nusu. Bi Mahfoudha aliuinua wake wote. Bibi yangu hakuwa mtu wa kubadilika kwa sababu ya hotuba. Aliinua mkono, akanitazama usoni, na machozi yakimtoka hakuyafuta.

Wanne kwa watatu. Nilifungua mdomo na hapakutoka kitu. Nilijaribu tena. Chozi likaanguka kwenye daftari, likaharibu saa na dakika.

"Mheshimiwa Spika," Babu alisema kwa upole kutoka kule mwisho, "kura haijawa kura mpaka itangazwe na kiti."

"Nnajua, Babu."

"Spika hasemi Babu."

Nikapangusa uso kwa buibui. Nilijaribu mara ya tatu na sauti ikakatika katikati. Ndipo pazia likasogea, na mkono wa Bi Mahfoudha, ule ule uliokataa, ukatoka ukanishika goti.

"Tangaza, mwanangu," alisema. "Nimeshindwa. Lakini nishindwe kwa sauti."

Nikatangaza.